Ngozi ya Kengele

Kila mmoja wenu nimemsimulia kipande. Waliokuja kunisalimia wiki ya kwanza niliporudi kutoka Uingereza walisikia habari za forodha wakacheka mpaka chai ikamwagika. Waliokuja baadaye walisikia habari za baridi. Wanakwaya wa hapa Busawe wananiuliza kila Jumapili kwa nini kengele yetu inalia kama sufuria iliyoanguka, na mimi nawaambia wangoje, hadithi ni ndefu. Leo nimekaa chini niiandike yote, maana mdomo nao unachoka.

Habari za pasipoti na viza naziruka. Zilikuwa foleni tu, na picha isiyofanana na mimi.

Nyangoto, kabla ya kuondoka

Mnaoijua Nyangoto ya sasa hamuijui ile niliyokulia. Ilikuwa ya mihogo, mtama na ng'ombe, na saa yetu ilikuwa kengele ya kanisa. Baba yangu, Mzee Marwa, ambaye sisi wanawe tunamwita Tata kama Wakurya wengine, alikuwa mwinjilisti na ndiye aliyeipiga. Ikilia ya kwanza, mama anawasha moto. Ikilia ya pili, tunakimbilia kunawa miguu. Hata wachunga ng'ombe wa ng'ambo ya mto, ambao kanisani hawakuwahi kukanyaga, walirudisha mifugo kwa kengele hiyo hiyo. Sauti yake naikumbuka kuliko ninavyoikumbuka sauti ya mama, Mungu anisamehe kwa kusema hivyo.

Ilikuwa zawadi ya kanisa kuu moja la kale huko Uingereza. Ililetwa kabla mimi sijazaliwa na mmisionari aliyekuwa na Kiswahili cha miezi michache. Siku ya kuitundika alisimama mbele ya watu akasema, "Tunawawekea kengele hii." Nadhani alitaka kusema kwamba anaitundika pale. Lakini mwambie Mkurya kuwa unamwekea kitu, uone atakavyosikia! Kwetu mwenye ng'ombe wengi huwaweka baadhi kwa rafiki yake. Rafiki atakunywa maziwa na kutumia samadi, ila ng'ombe si wake. Akizaa, unapeleka habari kwa mwenyewe. Akifa, unapeleka ngozi, mwenyewe aone kwa macho kwamba hukumuuza wala hukumla kwa siri. Naye akiridhika na ulivyomtunza, anakuachia ndama awe wako kabisa.

Basi Tata akaitunza kengele ya watu. Kila mwaka mavuno yakiisha aliwaandikia barua wenye kengele kuwajulisha hali yake, na kila Krismasi ikaja kadi yenye picha ya kanisa kuu. Kadi zile alizibandika ukutani, zikaenea kutoka mlangoni mpaka juu ya kitanda. Kwake zilikuwa majibu.

Kisha dhahabu ikaja. Au niseme ilikuwepo siku zote, tumeilalia tu. Watu wakamiminika kutoka Shinyanga, Geita na Kenya, mashamba ya mihogo yakawa maduara, ndivyo wachimbaji wanavyoyaita mashimo yao, na mashine za kusagia mawe zikanguruma kutwa. Ng'ambo ya mto kengele ikawa haisikiki tena. Kaka yangu Mwita naye akaacha jembe akachimba duara lake nyuma ya kanisa. Juu ya ardhi kila mtu anajua mpaka wake, lakini chini nani aupime? Alasiri moja baruti yake ikalipuka chini ya sakafu ya kanisa bila yeye kujua amefika wapi. Hakuna aliyeumia. Ila kengele ilijipiga kwenye nguzo ikapata ufa, na kipande cha ukingo wake, ukubwa wa kiganja, kikaanguka. Ufa mwingine ulipita katikati ya kanisa ukaenda mpaka jikoni kwa Tata. Mwita alikuja kuomba radhi akiwa bado na vumbi kichwani. Tata alimgeuzia mgongo, na tangu siku hiyo hakutaja jina lake.

Waumini wakakubaliana tuhamie Busawe, kwa wenzetu, kabla mvua kubwa hazijalainisha ardhi ile iliyotobolewa. Tata akakataa. Alisema hawezi kuhamisha ng'ombe wa mtu bila kumwambia mwenyewe, wala hawezi kumwacha peke yake zizini. Tukamsihi, mchungaji akamsihi, akabaki pale pale jikoni kwake na ufa miguuni.

Ndipo ukaja mwaliko. Kanisa letu na lile kanisa kuu la Uingereza yalikuwa na urafiki, watu wa kule wakataka mmoja wetu akawatembelee, na kwa kuwa nafundisha Kiingereza shule ya msingi waumini wakanichagua mimi. Tata akakifunga kile kipande cha kengele ndani ya kitenge cha marehemu mama, akaniwekea mikononi.

"Peleka ngozi," akasema. "Uniletee neno la mwenyewe. Nikipata neno, naondoka."

Tarime mpaka Sirari

Niliondoka na lori la mahindi. Kabla hatujafika mbali likazama kwenye matope ya kijito, tukashuka wote tukasukuma, dereva akiwa ameketi ndani na kutuhimiza kama mwalimu wa michezo. Mchimbaji mmoja Msukuma, kijana mpole, alinisaidia kuushika mzigo wangu. Alipouona mdogo lakini mzito, macho yakamtoka.

Akaninong'oneza, "Mama, hii ni gramu ngapi?"

Nilimwambia si dhahabu, ni ngozi ya kengele. Akatafakari. Halafu akanirudishia mzigo kwa mikono miwili, akahamia upande wa pili wa lori, na muda si mrefu wenzake nao wakahama. Walidhani mimi ni mganga. Nilifika Tarime nimejinyoosha juu ya magunia kama malkia.

Sirari nilivuka mpaka kwenda kwa shangazi Gati, dada yake Tata, aliyeolewa upande wa Kenya. Nilimwamkia shikamoo, akaniangalia kutoka kichwani mpaka miguuni.

"Sasa wewe utaenda aje huko na hiyo sweta moja?" akauliza, na kabla sijajibu alikuwa ameshanivua sweta na kunivika koti lake la kanisani.

Alinipikia ugali wa wimbi, yaani ulezi, na muhogo, na kichuri, mchuzi wa matumbo ya mbuzi uliotiwa nyongo, wenye uchungu wake sawasawa. Tulipokuwa tunakula akanisimulia siku kengele ilipofika, ikivutwa na maksai, na wasichana wakiimba nyuma yake. Alikuwa mmoja wao. Aliniambia yule mmisionari alikuwa mtu mzuri, ila Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza, na watoto walimcheka waziwazi mpaka Tata akawafukuza. Nilicheka nami, sikulitia maanani. Akanionya nikifika niseme ukweli tu, mzungu hapendi stori mingi. Asubuhi akanipandisha basi la Nairobi.

Nairobi mpaka London

Juu ya ndege sina la kusema zaidi ya kwamba chakula kililetwa katika visahani vya kuchezea watoto, na jirani yangu, mzee wa Kihindi, alinipa mkate wake kwa sababu aliniona nautafuta chini ya karatasi.

Sasa forodha. Mwanamke mmoja wa pale aliniuliza kama nimebeba chochote kinachotokana na wanyama. Mimi mtoto wa mwinjilisti nikaona nisifiche. Nikamwambia kwa Kiingereza changu cha ubaoni kwamba ninayo ngozi. Akauliza ya mnyama gani. Nikasema ya kengele. Akaandika, akafuta, akamwita mkubwa wake. Wakanipeleka pembeni, wakavaa glavu, wakakifungua kitenge cha mama taratibu kama wanaofungua kidonda. Walipoona ni kipande cha shaba wakatazamana.

Ikabidi niwaeleze habari ya ng'ombe wa kuwekewa, kuanzia maziwa mpaka ngozi, na foleni nyuma yangu ikirefuka. Yule mkubwa, mwanaume wa makamo mwenye masharubu, alikishika kile kipande kwa vidole viwili akakigonga kwa kalamu. Kikalia. Kidogo tu, lakini ilikuwa sauti ile ile. Nikaliona jiko letu, moshi, mama akipuliza kuni, na mimi na Mwita tukigombania maji ya kunawa. Nililia mbele ya watu wale wote, wala sikuona aibu. Yule bwana akakifunga tena, akafunga na fundo vilevile alivyolikuta, akanionyesha mlango.

Mji wa kanisa kuu

Jina la mji ule nikilitamka mnanicheka, kwa hiyo naliacha. Aliyenipokea ni Helena, mama wa makamo anayetunza vitabu vya kanisa kuu. Yeye alinisubiri upande mmoja wa stesheni na mimi nilimsubiri upande mwingine, kila mtu akimwonea huruma mwenzake kwa kuchelewa, mpaka mfagiaji akatukutanisha. Nyumbani kwake nilikula viazi asubuhi, mchana na jioni, vya kuchemsha, vya kuponda na vya kuoka, na kila mara aliniuliza kama nimeshiba.

Kanisa lenyewe, jamani. Picha za Tata zilikuwa zimenidanganya. Unaliona kabla hujauona mji, na ukiingia shingo inauma. Helena alinitembeza siku mbili nzima. Watawa walilianza wakati ambao hata mababu wa mababu zetu hatuwajui majina. Lilijengwa juu ya kanisa lingine dogo, na hilo dogo juu ya jingine la mbao. Liliungua, likajengwa. Mnara ulianguka siku ya upepo, ukajengwa. Mfalme mmoja aliwafukuza watawa, akavunja kaburi la mtakatifu wao na kung'oa madini ya risasi yaliyoezekea paa, mvua ikanyesha ndani, watu wakarudi wakaezeka. Wakati wa vita vioo vya rangi vilitolewa kimoja kimoja vikafichwa mashambani, na vita vilipoisha vikarudishwa.

Kuna ngazi za mawe zimelika katikati kama kinoo. Nikauliza maji gani yalipita pale. Helena akasema ni magoti ya mahujaji. Nilikaa kwenye ngazi ile nikawaza njia yetu ya kutoka nyumbani kwenda kanisani, ilivyokuwa imelika kwa miguu yetu, na sasa imeingia shimoni.

Ukutani niliona alama ndogo zilizochongwa, mshale hapa, msalaba wa kando pale. Nikamwambia Helena kwamba nami nazijua, ni alama za ng'ombe, kila ukoo na yake. Akacheka, akasema ni alama za waashi, kila fundi aliweka yake kwenye jiwe lake. Nikaona ni kitu kile kile.

Siku ya tatu nilikutanishwa na wazee wa kanisa, na Mkuu wa kanisa kuu mwenyewe, mtu mrefu, mkimya, mwenye miwani inayoteleza. Nikaweka kipande mezani. Nikasema nimeleta ngozi. Wao, kwa wema wao, wakaelewa kwamba naomba kengele mpya. Mmoja akaanza kueleza habari ya michango. Nikakataa. Wakadhani basi nimekuja kulalamika kwamba kengele yao ilikuwa mbovu, na mzee mwingine akaanza kuomba radhi kwa ajili ya mafundi waliokufa zamani. Kikao kikaisha kwa chai, hakuna aliyemwelewa mwenzake.

Helena peke yake ndiye alibaki na swali. Aliniuliza kama baba yangu anaitwa Marwa. Akanipeleka chumba cha vitabu, akashusha sanduku la karatasi ngumu, na ndani nikaona mwandiko wa Tata. Barua zote. Zilipangwa kwa miaka, hazijapotea hata moja, na hakuna mtu katika nyumba ile aliyewahi kuzisoma kwa sababu hakuna aliyejua Kiswahili. Walidhani ni shukrani. Na zile kadi zetu za Krismasi, Helena alisema kwa sauti ya chini, zilitumwa kwa kila aliyekuwa kwenye orodha.

Akaniomba nisome, yeye aandike kwa Kiingereza. Nikasoma.

"Bwana mwenye kengele, salamu. Kengele haijambo. Mwaka huu imezaa. Watu wa Busawe waliisikia siku ya upepo, wameanza kanisa lao la udongo. Huyo ni ndama wako, nakujulisha."

"Bwana mwenye kengele. Kijana wangu Mwita ameanza kuvuta kamba. Ni mwepesi, kamba inampandisha juu naye anacheka. Usihofu, namsimamia. Kamba hii anaijua kuliko mimi."

"Bwana mwenye kengele. Mwaka huu niliipiga kwa ajili ya mke wangu, muda mrefu, mpaka watu wakanishika. Kamba ilinichubua mikono. Kengele haikuumia."

Hapo nilishindwa. Helena aliendelea kushika kalamu juu ya karatasi bila kuandika, na mwisho akaniletea maji.

Sasa nikajua ninachobeba. Kengele haikuwa ya watu wale. Waliitoa, wakasahau, wakafa, na waliowafuata hawakuwa na habari. Nikimpelekea Tata ukweli huo angekuwa huru kuondoka siku hiyo hiyo, lakini zile barua zote zingegeuka kuwa maneno aliyoyasema mtu akiwa peke yake chumbani. Nikimpelekea uongo, mimi ningekuwa nani?

Mkuu alisoma tafsiri ya Helena, akanijia bustanini nilipokuwa nimekaa ndani ya koti la shangazi. Aliniuliza kwa desturi yetu mwenye ng'ombe husema nini. Nikamwambia. Akasema hawezi kujidai mwenye kitu alichokwisha kutoa. Nikamjibu kwamba ukweli wake ni mzuri lakini utampiga baba yangu kofi. Akaenda zake, na mimi nikahesabu safari kuwa imekufa.

Kesho yake baada ya sala ya asubuhi akarudi. Alisema amefikiri, na katika nyumba ile hakuna jiwe lililo lake. Kila alichonacho kiliwekwa mikononi mwake na waliotangulia, naye ataulizwa habari yake. Kwa hiyo kama mwenye kengele hawezi kusema, lakini kama mtunzaji kwa mtunzaji ataweza. Nikamwambia kwamba kwa Kiswahili mchungaji wa ng'ombe na mchungaji wa watu ni neno moja. Alilipenda neno hilo, akalirudia mpaka likakaa. Nikamfundisha mengine machache, Helena akaleta redio ya kaseti, tukarekodi. Kipande cha kengele wakakiweka ndani ya sanduku, juu ya barua. Siku ya kuondoka kengele zote za mnara zililia, si kwa ajili yangu, ilikuwa arusi, lakini nilisimama stesheni nikazipokea kama zangu.

Kurudi

Mvua ilinipokea mpakani. Shangazi Gati aliniambia imenyesha siku tatu mfululizo, na mimi sikukaa hata kula. Kutoka Tarime lori lilizama pale pale kwenye kijito, safari hii sikungoja kusukuma, nikavua viatu nikatembea. Njia nzima nilikuwa nasikiliza kama mjinga, kana kwamba kengele ingelia kunijulisha kama mzee yuko hai.

Kuta za kanisa zilikuwa zimesimama, ila mlango ulikuwa umeinama. Tata alikuwa jikoni kwake, kwenye kigoda, na ufa uliokuwa wa kupitisha kidole sasa ulipitisha mkono. Mwita alikuwa nje uani, amelowa, ameketi juu ya gogo. Mke wake aliniambia amekuwa akikaa pale kila siku tangu mvua zianze, ili ardhi ikienda awe karibu. Tata hakuwa amemsemesha.

Sikuomba hata maji. Nilitoa kaseti, nikaiweka kwenye redio ya Tata, na sauti ya Mkuu ikatoka ikijikwaa: "Mchungaji Marwa. Ngozi tumeiona. Ulitunza vizuri. Ndama ni wako. Nenda naye."

Aliisikiliza mara tatu. Mara ya tatu ilipokwisha nikashindwa kujizuia, nikamwambia ukweli wote. Kwamba barua hazikusomwa. Kwamba yule mmisionari alikosea neno, kengele ilikuwa yetu tangu siku ya kwanza.

Tata alizima redio taratibu.

"Najua," akasema. "Kiswahili chake kilikuwa kibovu, hata watoto walimcheka. Lakini Bhoke, kitu kikiwa chako peke yako, habari zake utamwandikia nani?"

Nikamwambia tu kwamba sasa zimesomwa zote, na kwamba nilisoma mimi mwenyewe, mpaka ile ya mama, mpaka ile ya kamba. Aliposikia ya kamba aliinua uso akatazama nje kupitia mlangoni, kwenye mvua, kwenye gogo. Halafu akainuka, akachukua fimbo yake, akauruka ufa kama anayeruka mfereji wa shambani.

"Haya, tuhame," akasema. "Mwite Mwita aishushe kengele. Kamba ile anaijua."